Mnunuzi Anataka Hesabu ya Kaboni? Anza na Stetimenti ya Simu Yako

Unaoka mkate Nakuru, unasambazia hoteli mbili tatu, na malipo yanaingia kwa till bila shida. Halafu siku moja ofisi ya ununuzi ya hoteli kubwa inakutumia fomu: mwaka jana biashara yako ilitoa hewa ya kaboni kiasi gani? Una wiki mbili. Usipojibu, mkataba unaweza kwenda kwa mwingine.

Usishtuke, na tafadhali usiandike sifuri. Mtu mwenye jiko na pikipiki hawezi kuwa sifuri, na mnunuzi analijua hilo.

Kampuni zinazotoa ripoti za kaboni huhesabu mafuta zinayochoma zenyewe, kisha stima zinayonunua, kisha hewa inayotoka kwa watu wanaoziuzia bidhaa. Mkate wako uko kwa hilo fungu la tatu. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa ripoti za mazingira kwa kampuni zilizoorodheshwa mwaka 2021, ndiyo maana maswali haya yanateremka hadi kwetu wadogo.

Sasa chukua simu. Omba stetimenti ya miezi 12, kisha weka alama kwa kila malipo ya petroli, dizeli, gesi na tokeni za stima. Kama unalipia mafuta ya gari la nyumbani kwa laini hiyo hiyo ya biashara, hapa ndipo utajua haujui. Tenganisha.

Kuna shida moja: stetimenti inaonyesha shilingi, lakini kaboni inahesabiwa kwa lita na kilo. EPRA hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo gawanya shilingi ulizolipa kwa bei ya wakati huo upate lita. Kwa stima ni rahisi zaidi, SMS ya tokeni tayari ina yuniti.

Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi. Petroli ni kilo 2.3 hivi. Mtungi wa gesi wa kilo 13 hutoa karibu kilo 39. Basi jenereta inayokunywa lita 10 za dizeli kwa wiki inamaliza lita 520 kwa mwaka, yaani tani 1.4.

Mimi nilidhani stima ndiyo mbaya zaidi. Kumbe sivyo. Stima yetu nyingi inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo, kwa hivyo balbu za LED zitakuokoa kwa bili kuliko kwa kaboni. Pa kupunguza ni kwa jenereta (betri na sola hata kwa taa na friji pekee), na kwa safari: pikipiki ipeleke oda tatu kwa mzunguko mmoja. Friji nayo ikivuja, usijaze gesi tu kila mara, ziba. Kilo moja ya R134a, gesi iliyo kwa friji nyingi za biashara, hupasha dunia joto kuliko tani nzima ya kaboni dayoksaidi.

Kwa fomu, andika pia ni wapi ulikadiria na ulitumia bei gani. Hifadhi stetimenti na risiti kwa faili moja, kwa sababu mwaka ujao watauliza tena, na watataka kuona kama lita zimepungua.