Sombe ya siku ya posho: tule ao tutupe?

Kwetu Zongwe mushahara unaisha haraka, na sehemu kubwa inaishia mu nyungu. Mama ananunua mboga siku ya posho kwa sababu ndiyo siku feza iko, na ile mboga inapaswa kufika mpaka siku ya tatu. Nyumba nyingi hazina frigo. Basi kila mangaribi kuko mashauri jikoni: hii bado ni chakula, ao ni takataka?

Wengine watauliza sendika inatafuta nini mu nyungu za watu. Muchimbaji anayehara hashuki mu shimo, na yule anayelipwa kwa siku hapati kitu. Akijikaza ashuke huku tumbo linamuuma, ni hatari kwake na kwa wenzake. Lakini tunajua vilevile kwamba kutupa fungu la lengalenga ni kutupa feza. Ndiyo maana tunaandika.

Lengalenga ao matembele yaliyonyauka hayajaoza. Yamepoteza maji tu. Yanyunyizie maji safi, yafunike na kitambaa kibichi. Yakisimama tena, yapike leo. Jani likigeuka manjano kidogo, huo ni uzee: utamu umepungua, lakini si sumu. Cha kuogopa ni utelezi. Jani likiteleza kwenye vidole, likitoa maji meusi na kunuka, hata ukiliosha mara kumi haliponi.

Kuko alama moja inayokuja mbele ya harufu, na bamama wa soko wanaijua vizuri. Ingiza mkono katikati ya fungu. Kama ndani kuna joto kuliko inje, kuoza kumekaribia ao kumekwisha kuanza. Jani linapumua hata kama limekwisha kuchumwa, na kule kupumua kunaleta joto. Ukilifungia mu sashe ya plastiki, ukalipakia juu ya pikipiki kwenye jua, linafika nusu limepikwa. Ukifika nyumbani fungua sashe, kata na kamba ya fungu, tandaza majani kivulini.

Sombe iliyotwangwa haina subira hata kidogo. Jani zima linaweza kulala usiku mmoja, lakini likitwangwa vijidudu vinapata mlango kila mahali. Twanga siku ya kupika. Ikitoa povu na harufu ya kuchacha mbele haijafika motoni, imwage. Na tusifupishe kuichemsha: majani ya muhogo yana sumu yao ya asili, sianidi, inayotoka kwa kutwanga na kwa kuchemsha muda mrefu, nyungu ikiwa wazi. Makala ni bei, tunajua.

Muhogo wenyewe, uuvunje. Mistari ya buluu ao nyeusi inaanza siku mbili tatu kisha kungolewa. Ikiwa michache, kata ile sehemu. Ikiwa imejaa, hautaiva vizuri wala hautakuwa mutamu. Wazee wanaufukia mu udongo wenye unyevu, na wako na haki. Viazi vya Ulaya vikigeuka kijani, ile sumu haitoki kwa moto: kata ndani sana, na kama kiazi kizima ni kijani ao kichungu, tupa. Nyanya laini ni ya mchuzi wa leo. Nyanya yenye ukungu tupa yote, maana mizizi ya ukungu inatembea ndani ya maji yake bila kuonekana.

Sasa jambo linalotuogopesha zaidi. Kalemie kolera inarudi mara kwa mara, na kolera haina harufu. Jani bichi, zuri, lililooshwa na maji machafu linaweza kukulaza hospitali, wakati lengalenga iliyonyauka, ikipikwa na kuliwa ya moto, haina neno.

Na mboga ya jana? Wengi wetu tunabeba kazini sombe iliyolala usiku mzima mu nyungu ya uvuguvugu. Kuichemsha asubuhi kunaua vijidudu, lakini sumu ambayo baadhi yao wamekwisha kuacha inabaki. Afazali kupika kidogo.

Kwa kuhifazi, kuko nyungu mbili za udongo, ndogo ndani ya kubwa, mchanga wenye maji katikati, kitambaa kibichi juu. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliieneza kwao miaka ya 1990, na mu mwaka 2000 akapata zawadi ya Rolex. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Huku kwetu itasaidia wakati wa kiangazi. Mvua ikianza, hewa imekwisha kujaa maji na nyungu haipoi sana.

Kuhusu kazini, wajumbe wetu waliomba kwa wakubwa mambo mawili: kibanda chenye kivuli cha kuwekea chakula, na maji safi ya kunawa mikono. Jibu halijafika. Kwa sasa bakuli ziko chini ya mti, na jua likigeuka, yule aliye karibu anazisogeza.