Malungu ya Ufipa

Malungu (umoja: ilungu) ni matanuru marefu ya udongo yaliyotumiwa na Wafipa kuyeyushia chuma katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania. Eneo hilo leo ni sehemu ya Mkoa wa Rukwa, ambao makao makuu yake ni Sumbawanga. Tofauti na matanuru mengi ya wahunzi wa Afrika, ilungu halikupulizwa kwa mivukuto. Lilivuta hewa lenyewe kutokana na urefu wake.

Muundo

Ilungu lilijengwa kwa udongo wa mfinyanzi, likiwa pana chini na jembamba juu. Kimo chake kilikuwa takriban mita 3. Chini kuzunguka ukuta kulikuwa na matundu kadhaa ambamo mirija ya udongo iliingizwa ili kupitisha hewa, pamoja na mlango mkubwa zaidi wa kutolea chuma.

Mara nyingi tanuru lilijengwa kando ya kichuguu. Udongo wa kichuguu ulifaa kwa ujenzi, na mafundi waliweza kukipanda ili kumimina makaa na mawe ya chuma kupitia mdomo wa juu. Tanuru moja liliweza kutumika tena baada ya kukarabatiwa.

Namna lilivyofanya kazi

Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, mbali kidogo na kijiji. Mafundi walichimba mawe yenye chuma, wakachoma makaa, kisha wakalijaza tanuru kwa matabaka ya makaa na mawe yaliyovunjwavunjwa.

Moto ulipowashwa, hewa ya moto ilipanda juu na kutoka mdomoni, na hewa baridi ikaingia kupitia mirija ya chini kuchukua nafasi yake. Kadiri tanuru lilivyokuwa refu, ndivyo mvuto huo ulivyokuwa na nguvu. Moto uliachwa uwake hivyo kwa siku kadhaa bila mtu kupuliza.

Ndani ya tanuru, makaa yaliyoungua kwa hewa chache yalitoa gesi ya monoksidi kaboni. Gesi hiyo iliondoa oksijeni iliyoshikamana na chuma katika mawe. Chuma safi huyeyuka kwenye joto la sentigredi 1538, ambalo ilungu halikulifikia. Kwa hiyo chuma hakikutiririka kama maji, bali kilibaki kama bonge lenye matundu, lililochanganyika na makaa na mavi ya chuma.

Hatua ya pili

Bonge hilo halikuweza kufuliwa moja kwa moja. Lilivunjwa, vipande vyenye chuma vikachaguliwa na kupelekwa kwenye tanuru dogo lililoitwa kintengwe. Hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Joto lilipanda haraka, mavi ya chuma yakajitenga, na chuma kikashikamana. Baadaye mhunzi alikifua kuwa jembe, shoka, mkuki au kisu. Jembe lilikuwa na thamani kubwa: mbali na kulimia, lilitumika katika biashara na katika kulipa mahari.

Mgawanyo huo wa hatua mbili ulikuwa na faida na gharama. Ilungu liliokoa nguvu kazi ya kupuliza, lakini lilihitaji makaa mengi na kutoa chuma kichafu. Kintengwe kilihitaji watu wa kupuliza, lakini kwa kiasi kidogo cha mali iliyokwisha kuchambuliwa.

Viwanda vya kisasa vya chuma navyo hugawa kazi hatua mbili, ingawa kwa sababu nyingine. Chuma kinachotoka katika tanuru kubwa la kiwandani kina kaboni nyingi na huvunjika kwa urahisi, hivyo kaboni hiyo hupunguzwa ili kupata feleji. Mhandisi wa metali Robert Durrer (1890–1978) kutoka Uswisi, aliyekuwa profesa Berlin na baadaye Zürich, alifanya majaribio huko Gerlafingen mwaka 1948 ya kupuliza oksijeni tupu juu ya chuma kilichoyeyuka. Njia hiyo ilianza kutumika kiwandani mjini Linz, Austria, mwaka 1952.

Miiko na dawa

Kwa Wafipa, kuyeyusha chuma hakukuwa kazi ya mikono tu. Fundi mkuu alitunza kapu la dawa, na baadhi ya dawa zilizikwa chini ya tanuru wakati wa kulijenga. Tanuru lilifananishwa na bibi harusi, na chuma na mtoto anayezaliwa. Mafundi walitakiwa kujiepusha na tendo la ndoa kwa kipindi chote cha kazi. Miiko hiyo ililinda pia siri ya ufundi, kwa kuwa aliyejua mawe na makaa bila kujua dawa hakuhesabiwa kuwa fundi kamili.

Kukoma kwa uyeyushaji

Wakati wa ukoloni majembe ya bei nafuu kutoka viwanda vya Ulaya yalienea, na wahunzi wakaanza kufua vyuma chakavu badala ya kuyeyusha mawe. Wanaume wengi walikwenda mbali kutafuta ajira ili kulipa kodi, na hivyo kundi kubwa lililohitajika kwa ilungu moja likawa gumu kupatikana. Uhunzi uliendelea, lakini uyeyushaji ulikoma katika karne ya 20.

Utafiti

Maelezo ya kazi hiyo yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, likiwemo andiko la R. Wise la mwaka 1958. Katika miaka ya 1990 mwanaakiolojia Mtanzania Bertram Mapunda alichunguza mabaki ya matanuru Ufipa. Alionyesha kwamba malungu hayakuwa njia pekee: katika ufuko wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kirando, kulikuwa na matanuru mafupi ya aina ya katukutu, ya kale kuliko malungu.

Baadhi ya malungu yamebaki yamesimama porini, hasa katika Wilaya ya Nkasi. Kwa kuwa ni ya udongo, mvua, mizizi na kilimo huyabomoa kidogokidogo. Mavi ya chuma na vipande vya mirija hudumu zaidi, lakini urefu wa tanuru, uliokuwa msingi wa ufundi wote, hupotea ukuta unapoanguka.