Kariakoo Haiko Njiani

Swali limerudi tena, safari hii kutoka Aveba, kule kusini mwa Bunia, Ituri, Kongo. Msomaji anakwenda kupumzika Zanzibar, kisha anarudi kwao kwa kupitia Dar es Salaam. Anaandika: boti inanishusha saa tatu asubuhi, ndege yangu ya Entebbe inaruka saa kumi jioni, kwa hiyo nina masaa saba. Nitafutie mtu wa kunitembeza mjini, na kwa kuwa Kariakoo iko njiani kwenda uwanja wa ndege, tupite hapo mara moja nichukue vitenge vya mama.

Hilo "mara moja" nimelisikia kwa walimu wa Mwanza, kwa maharusi wa Mombasa waliotoka fungate, hata kwa wazee wa Kizungu walioshuka meli kubwa za kitalii wakiwa wamesomewa habari za Kariakoo huko huko baharini. Sijaona bado mtu aliyepita Kariakoo mara moja.

Tuanze na hesabu, maana ni fupi. Masaa saba hayapo. Boti ikifunga gati saa tatu, wewe na begi lako mtakuwa nje ya geti saa tatu na nusu, tena kama bahari ilikuwa tulivu. Kusi ikivuma, ongeza. Safari ya nje ya nchi inataka uwe uwanjani masaa matatu kabla, yaani saa saba mchana. Kutoka Posta hadi Uwanja wa Julius Nyerere ni kama kilomita 12. Usiku wa manane ni mwendo wa dakika ishirini tu. Mchana wa siku ya kazi weka saa nzima na usilalamike. Gari basi liuache mji saa sita. Toka saa tatu na nusu hadi saa sita ni masaa mawili na nusu. Hayo ndiyo yako. Manne na nusu yaliyobaki ni ya bandari, ya Barabara ya Nyerere na ya watu wa uhamiaji, na hakuna mwongoza watalii awezaye kukutembeza ndani yake.

Najua jibu mtakalonipa: kaunta hufungwa dakika 60 kabla ya ndege, haya masaa matatu ni vitisho vya mashirika. Ndiyo, kwa kawaida hufungwa hivyo. Lakini foleni ya kaunta huanza kabla ya kaunta kufungwa, na nyuma yake kuna foleni ya pasipoti, na nyuma ya hiyo kuna ukaguzi ambapo mtu aliye mbele yako atavuliwa mkanda na viatu na kuulizwa habari ya chupa ya asali ya karafuu.

Sasa Kariakoo.

Ramani ya simu ndiyo inayowaponza watu. Ukiifungua unaona bandari huku, unaona Barabara ya Nyerere inaelekea kusini-magharibi, halafu unaiona Kariakoo imekaa ubavuni, mkono wa kulia, ng'ambo tu ya Gerezani. Haifiki kilomita mbili kutoka njia yako. Kwa macho ya simu, hiyo ni kona ndogo. Lakini simu inapima umbali wa barabara, nayo Kariakoo ukishaiingia hauko barabarani tena, uko sokoni. Gari likiacha Msimbazi na kukata Mkunguni, Narung'ombe au Sikukuu, linakuwa bidhaa mojawapo kati ya bidhaa. Mbele kuna mkokoteni umebeba marobota, nyuma kuna pikipiki ya mizigo, kushoto kijana amepanga viatu juu ya turubai mpaka kwenye lami. Mitaa ile ilipimwa zama za nyumba za chini za Kiswahili. Leo viwanja vile vile vimeota maghorofa, na kila ghorofa ni maduka tangu chini ya ardhi mpaka juu. Magari yameongezeka, watu wameongezeka, upana wa mtaa ni ule ule. Msomaji wangu wa Ituri angefurahi kukipiga picha kibao cha Mtaa wa Kongo, lakini ahesabu kwamba mtaa huo hupitwa kwa miguu, tena kwa miguu ya mtu asiye na haraka.

Gari halina pa kuegesha. Kwa hiyo dereva anakushusha, anakwambia "nakusubiri hapa hapa," na baada ya dakika tano "hapa hapa" imefukuzwa na watu wa maegesho. Anaanza kuzunguka. Wewe uko ghorofa ya pili unapima kitenge, simu inaita mfukoni huisikii kwa kelele za vipaza sauti vya wauza nguo. Ukitoka humwoni. Unapiga, anakwambia yuko karibu na benki. Benki gani? Zimejaa. Na begi lako lote, pamoja na tiketi uliyoichapisha kwa sababu mjomba alikushauri usiiamini simu, liko ndani ya gari hilo.

Tena Kariakoo si mahali pa kutazama, ni mahali pa kununua, na kununua kule ni kazi. Wafanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka na Moroni hawaji pale kwa saa moja. Hulala nyumba za wageni siku kadhaa, hulinganisha bei duka kwa duka, hufunga mzigo na kuupeleka kwa wakala wa usafirishaji. Wewe unataka kufanya kazi yao kati ya boti na ndege. Bei ya kwanza utakayotajiwa si bei, ni salamu. Kuijibu kunataka muda, kunataka kuondoka na kuitwa urudi, na mwenye duka akishakuona unatazama saa, bei haishuki tena. Umempa silaha.

Halafu unarudi na mfuko. Begi lako lilikuwa kilo 21 ulipotoka Zanzibar, na shirika linaruhusu 23. Pisi sita za vitenge, sufuria aliyoagiza shangazi, viatu vya watoto. Mwisho wa hadithi hiyo uko kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, ambako kila siku kuna mtu aliyepiga magoti mbele ya begi lililo wazi, akivaa mashati mawili mawili ili mzigo upungue.

Kama mnapenda historia ya soko lenyewe, inastahili kupendwa. Jengo kuu lilichorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na paa lake la zege lilitandazwa juu ya nguzo mithili ya miavuli mikubwa. Liliungua Julai 2021, likafungwa kwa ukarabati. Ni mojawapo ya majengo ninayopenda kuyaeleza. Lakini hueleweka ukisimama chini ya paa na kulitazama polepole, si ukilionyeshwa kidole dirishani huku dereva akipiga honi.

Mbona basi wapo wanaowapeleka watu? Wapo kwa sababu wenye maduka huwapa chochote, na kwa sababu ni rahisi kumkubalia mgeni kuliko kumkatalia. Mwongozaji akikwambia "Kariakoo? Hamna shida, iko njiani," muulize ndege yake mwenyewe ni saa ngapi.

Zipo pia dawa za kienyeji za foleni, na lazima nizitaje maana kila nikikataa Kariakoo naletewa mojawapo. Ya kwanza ni dereva anayejua vichochoro. Vichochoro vya Dar vinajulikana na madereva wote, ndiyo sababu navyo vina foleni. Na toka saa tisa alasiri Barabara ya Nyerere hubeba watu wa Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu wanaorudi nyumbani. Daraja la juu la TAZARA lililofunguliwa mwaka 2018 lilipunguza balaa la makutano yale, halikuwapunguza watu. Ya pili ni bodaboda. Bodaboda itakuwahisha kweli, wewe na mkoba wa mkononi. Begi la kilo 23 na mfuko wa sufuria vinapanda wapi? Ya tatu ndiyo inayonichosha zaidi: "nimeshajiandikisha mtandaoni." Kujiandikisha mtandaoni kunakupa kiti. Hakupokei begi, hakugongi muhuri wa pasipoti, na hakumzuii rubani. Mzigo wa kupakia bado una kaunta yake na saa yake ya kufunga.

Kwa mtu wa Ituri hasara huzaa hasara. Akiikosa ndege ya Entebbe, amelikosa na gari la kwenda Fort Portal, ameikosa na boti ya kuvuka Ziwa Albert kutoka Ntoroko kwenda Kasenyi, kama hiyo ndiyo njia aliyopanga kurudia. Vitenge vya mama vitakuwa vya bei ghali kuliko hariri.

Basi ufanye nini na masaa yako mawili na nusu? Utembee kwa miguu, kwa sababu sehemu nzuri ya mji wa kale imeanzia pale pale unapotokea kwenye geti la boti. Begi liache kwenye hoteli ya jirani kwa malipo mtakayopatana, au kwenye gari la kampuni uliyoikodi kabla ya safari na ambayo ofisi yake unaijua. Usimwachie mtu aliyekupokea begi getini kwa nguvu na kukuita "boss". Pasipoti na fedha vibaki mwilini mwako.

Ng'ambo ya barabara lipo Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902. Hatua chache kutoka hapo ni Boma la Kale, la mawe ya matumbawe, lililojengwa mwaka 1866 au 1867 na Sultani Majid bin Said, aliyekuja kutoka Zanzibar ulikotoka wewe asubuhi hii, akitaka kujenga mji mpya. Boma lilikuwa la kulaza wageni wake. Alifariki 1870, mji ukabaki nusu. Karibu yake ipo Nyumba ya Atiman, nami huwasimamisha watu wa Kongo hapo kuliko mahali pengine. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya maji kutoka Kongo. Aliwatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu mmoja aliyeivuka Afrika nzima, na jina lake liko ukutani ambapo watu hupita wakikimbilia daladala.

Kutoka hapo fuata ufuo kwenda kanisa la Azania Front la Walutheri, ambalo ujenzi wake ulianza 1898, kisha panda Mtaa wa Azikiwe mpaka Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Wissmann, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kambi ya wapagazi hao ilikuwa Kariakoo. Haya, umeiona Kariakoo, turudi.

Kama muda umebaki, nenda Bustani ya Mimea upate kivuli. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa 1940, yanataka saa nzima peke yake. Yachague badala ya matembezi, usiyaongeze juu yake. Ndani yake utakutana na habari za fuvu la Zinjanthropus aliloliokota Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Usipige picha bandarini wala Ikulu. Usivuke kivuko kwenda Kigamboni "kuona tu". Kurudi kuna foleni yake. Kijiji cha Makumbusho kiko Barabara ya Bagamoyo, upande usioelekea uwanja wa ndege, kwa hiyo kiache.

Vitenge nunua Darajani, Unguja, kabla hujapanda boti. Kama lazima viwe vya Kariakoo, njoo kwa boti ya jana yake, lala huko huko, nunua asubuhi bila saa mkononi. Kati ya boti na ndege kukiwa na chini ya masaa matano, nenda uwanjani moja kwa moja ukale chakula huko. Ndege ikiwa ya usiku, una mji na makumbusho pia, lakini bado utoke mjini kabla ya saa tisa alasiri. Kwa ndege ya ndani punguza saa moja katika ile hesabu, si zaidi. Mwongozaji awe na kitambulisho cha kazi, na bei mkubaliane kabla ya hatua ya kwanza, kwa shilingi, si kwa "utanipa chochote". Tiketi yenye 16:00 ni saa kumi jioni. Yenye 10:00 ni saa nne asubuhi, na wapo wanaofika saa kumi. Na usome tiketi kama unaondokea jengo la pili au la tatu, umwambie dereva mkiwa bado mjini, maana majengo hayo hayako pamoja, na kulihama moja kwenda jingine kwa miguu, juani, ukivuta begi, hula muda ule ule uliokuwa umebaki.