Ukuaji wa miche katika miombo ya Tabora

Ukuaji wa miche katika miombo ya Tabora unategemea hasa urefu wa kiangazi. Mche ni mmea mchanga uliotoka kwenye mbegu na ambao bado haujapata shina la kudumu. Mkoa wa Tabora uko magharibi mwa Tanzania, kwenye uwanda wa juu wenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya Wanyamwezi, iliyopitiwa na njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na sehemu yake kubwa ilikuwa, na bado ni, misitu ya miombo. Anayepita katika msitu huo mwezi wa Septemba huona miti mikubwa na majivu ya nyasi, akadhani hakuna miti michanga. Mara nyingi ipo, ila imejificha ardhini.

Mvua na mzizi wa kwanza

Mvua za Tabora huanza Novemba na kukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa mwaka hunyesha milimita 900 hadi 1,000 hivi. Kiasi hicho si kidogo, lakini chote huja katika nusu moja ya mwaka, na nusu ya pili karibu haina tone.

Mbegu huhitaji maji, hewa na joto ili iote. Ikifyonza maji huvimba, ganda hupasuka, na mzizi hutangulia kutoka kabla ya shina. Utaratibu huu uko katika mimea karibu yote, lakini huku una uzito wa pekee, kwa sababu mche una miezi mitano au sita tu ya kufikisha mzizi wake kwenye udongo unaobaki na unyevu wakati wa kiangazi. Ndiyo maana miche ya mtundu na muba, miti miwili ya kawaida katika miombo, huonekana midogo sana juu ya ardhi kwa miaka mingi. Chakula kinachotengenezwa na majani machache kwa usanisinuru hupelekwa chini.

Hatari nyingine huja mapema zaidi. Maganda ya mtundu na muba hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali na mti. Mbegu hizo hazikai muda mrefu ardhini zikingoja. Zikipata mvua ya kwanza huota. Mvua ikikatika kwa majuma kadhaa baada ya hapo, miche mingi hunyauka kabla mzizi haujashuka vya kutosha. Mkulima wa mahindi aliyepanda kwa mvua ya kwanza na kulazimika kurudia anaijua hali hiyo bila kufundishwa.

Udongo

Udongo wa sehemu za juu ni wa kichanga na hauna rutuba nyingi. Miti ya miombo huuweza kwa msaada wa kuvu wanaoishi pamoja na mizizi yake. Nyuzi za kuvu huenea mbali kuliko mizizi, huleta maji na fosforasi, na hupewa sukari na mti. Uyoga unaookotwa msituni na kuuzwa kando ya barabara mvua zinaposhika ni, kwa aina nyingi, matunda ya kuvu hao hao. Mche unaoota karibu na miti mikubwa hupata kuvu hao haraka. Unaoota katikati ya shamba lililolimwa miaka mingi huenda usiwapate.

Mabondeni hali hubadilika ghafla. Mbuga za udongo mweusi wa mfinyanzi hujaa maji wakati wa masika, mizizi ikakosa hewa, kisha hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kukata mizizi myembamba. Miche ya miombo haistahimili mambo hayo mawili kwa pamoja. Mpunga hustawi huko, na mpaka kati ya msitu na mbuga huonekana kama umechorwa kwa rula.

Mche wa mninga

Mfano bora ni mninga, Pterocarpus angolensis, mti wa mbao nzuri za milango na vitanda, wenye utomvu mwekundu kama damu. Tunda lake ni la duara, lenye bawa pembeni na miiba laini katikati, upana wake hufikia sentimita 10 hivi. Halipasuki lenyewe, na ndani yake huwa na mbegu moja au mbili tu, kwa hiyo mbegu chache sana hufaulu kuota.

Uliofaulu hukua hadi mwisho wa masika, kisha shina lake hukauka lote. Mvua zikirudi, mzizi hutoa shina jipya, nalo hufa kiangazi kinachofuata. Mzunguko huu huweza kuendelea miaka kumi au zaidi. Kila mwaka shina huanza upya, lakini mzizi hauanzi upya. Huzidi kunenepa na kuweka akiba. Akiba ikitosha, mninga hutoa shina moja linalokwenda juu kwa kasi na kupita kimo cha miali ya moto wa nyasi. Kuanzia hapo shina halifi tena. Mwanaikolojia S. B. Boaler alieleza maisha haya kwa kirefu katika kitabu chake kuhusu mninga kilichotolewa mwaka 1966.

Tabia hii huwasumbua wenye vitalu. Mche wa mninga hukauka hata ndani ya kitalu, na asiyejua huutupa akidhani umekufa. Dawa ni kukwaruza udongo kidogo na kuutazama mzizi: ukiwa mgumu na wenye unyevu, mche u hai.

Moto

Udongo huzuia joto vizuri. Sentimita chache chini ya uso, moto wa nyasi hauna nguvu ya kuua mzizi. Jambo kubwa ni tarehe. Moto wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, hupita chini na huacha vipande visivyoungua. Moto wa Septemba au Oktoba ni mkali, na hukuta miti mingi ikianza kutoa majani mapya. Hata hivyo, msitu usioungua kabisa haumfai mninga sana, kwa kuwa miche yake hutaka mwanga na husongwa na vichaka.

Miembe ya njia ya misafara

Mwembe ulifika Tabora na Ujiji kutoka pwani pamoja na misafara, na miembe mikubwa bado huonyesha mahali ilipopita. Mbegu yake ni kinyume cha mbegu za nchi kavu: ikikauka hufa, na haihifadhiki kwa muda mrefu. Inayookoa ni majira, maana maembe huiva wakati wa mvua na kokwa iliyotupwa huangukia udongo wenye unyevu. Lakini mche wa mwembe haujui kufa na kurudi kila mwaka. Ulihitaji mtu wa kuumwagilia na kuukinga na moto na mbuzi, kwa hiyo miembe mikongwe huonekana palipokuwa na makazi, si katikati ya pori.

Shoka, jembe na trekta

Mkulima wa zamani alikata miti kwa shoka na kuacha visiki. Shamba likilazwa, visiki na mizizi vilichipua, na msitu ulirudi bila kungoja mbegu. Mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Nachingwea na Urambo, ulitumia matrekta kung'oa miti na mizizi yake. Ulivunjwa mwaka 1951. Urambo baadaye ikawa nchi ya tumbaku, zao ambalo hukaushwa kwa kuni nyingi.

Palipong'olewa mizizi, msitu hutegemea mbegu peke yake, pamoja na hatari zote zilizotajwa hapo juu. Miti ya kupandwa kama mijohoro na mikaratusi hutoa kuni mapema na kupunguza ukataji. Mninga haushindani nayo kwa haraka, lakini shambani lililolazwa vijiti vyake hutokea kila Novemba, na mwenye jembe huvipalilia pamoja na magugu.