Fahamu: Kwa nini mawazo huzurura unapokimbia peke yako?

Dakika za mwanzo unasikiliza pumzi na magoti. Ukishashika mwendo wako, unajikuta unapiga hesabu za ada ya shule, au unamjibu mtu mliyegombana naye mwaka jana.

Sababu ni nini?

Mwendo uliouzoea hauhitaji uangalizi mwingi, lakini ubongo haulali. Mwaka 2001, Marcus Raichle na wenzake nchini Marekani walieleza jinsi baadhi ya sehemu za ubongo zinavyochangamka mtu asipokuwa na kazi maalumu. Sehemu hizo huhusishwa na kumbukumbu, mipango ya kesho na kujitafakari. Ukiwa huna wa kuongea naye, zinapata nafasi.

Je, kuna hasara?

Inategemea lengo lako. Utafiti wa William Morgan na Michael Pollock, uliochapishwa mwaka 1977, ulionyesha kuwa wakimbiaji mahiri wa marathoni hufuatilia zaidi miili yao: pumzi, misuli, kasi. Wakimbiaji wa kawaida huyapeleka mawazo mbali ili wasahau uchovu.

Ufanye nini?

Ukitafuta muda bora, rudisha akili kwenye pumzi. Ukikimbia kwa ajili ya afya, yaache mawazo yatembee, ila si kwenye barabara yenye magari na bodaboda. Huko macho na masikio yawe kazini. Na kama kila ukikimbia linakurudia jambo lilelile linalokuumiza, usilibebe peke yako: mweleze mtu unayemwamini.