Ushindani wa Mombasa na Lamu katika Ushairi wa Kiswahili

Ushindani baina ya miji ya Waswahili haukuwa wa biashara na silaha pekee. Ulikuwa pia wa tungo. Mfano ulio bayana ni ule wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19. Takriban mwaka wa 1813, majeshi ya Mombasa, yakishirikiana na ya Pate, yalishindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Upande wa Mombasa, Muyaka bin Haji alitunga mashairi ya kuwahimiza watu wake na kuwabeza mahasimu. Upande wa Lamu, Bwana Zahidi Mngumi alimjibu.

Ifahamike kwamba malumbano hayo yaliwezekana kwa kuwa pande zote mbili zilizingatia kanuni zile zile za vina na mizani. Kila mmoja alitunga kwa lahaja yake, Kimvita au Kiamu, naye mwenziwe akamwelewa barabara.

Katika siasa, hata hivyo, uhasama huo ulileta hasara. Lamu, kwa kuhofia kisasi, iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman. Mwaka wa 1837 Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwake. Ndiyo maana ya methali isemayo: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Miji yote miwili ilipoteza uhuru wake, lakini tungo zilisalia vifuani mwa watu. Diwani ya Muyaka ilichapishwa mwaka wa 1940, takriban karne moja baada ya kufariki kwake.