BARUA PEPE ZA CHAMA ZIKAE WAPI?

Siku hizi habari za bei, za mizani na za wanunuzi zatufikia kwa barua pepe, na vyama vingi vya wakulima vina kompyuta moja ofisini na karani mmoja wa kuitazama. Malalamiko ni yale yale: barua imepotea, programu imebadilika sura, neno la siri limekataliwa. Aghalabu lawama humwangukia karani. Lakini shida nyingi za namna hii hutokana na jambo moja ambalo yafaa kila mwanachama alifahamu, nalo ni mahali barua zinapokaa.

Programu ya barua ya kompyuta ya mezani, kama Outlook au Thunderbird, yaweza kufanya kazi kwa njia mbili. Ya kwanza ni POP, iliyoanza mwaka 1984. Hii huzichukua barua kutoka kwenye seva, yaani mashine ya kampuni iliyoko mbali, ikazileta katika kompyuta yako, na kwa desturi huzifuta kule zilikotoka. Ya pili ni IMAP, iliyotungwa na Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Hapo barua hubaki kwenye seva, na kompyuta yaweza kuweka nakala. Ni kama mkulima aliyeweka karafuu zake nyumbani, na mwenzake aliyezipeleka ghala la mbali. Kila mmoja ana usalama wake na hatari yake.

Tuwatazame wenzetu wa bara. Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, na zao lake kubwa la biashara ni pamba. Bariadi iko mbali na pwani, lakini intaneti yake, kama yetu, hutegemea mikongo iliyolazwa chini ya bahari. SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi za jirani. Mei ndio mwezi ambao kwa kawaida ununuzi wa pamba huanza.

Siku kama ile, karani wa chama cha pamba asomaye barua kwenye kivinjari peke yake hawezi hata kufungua barua ya jana inayotaja tarehe ya kuchukua mzigo. Mwenye programu iliyohifadhi nakala aweza kuitafuta, kuisoma, na kuandika jibu litakalongoja mtandao urudi.

Hata hivyo, ghala la nyumbani nalo lina hatari zake. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kwa muda wa miezi mitatu hivi, tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Katika hali kama hiyo, barua zilizofungiwa ndani ya kompyuta moja hazisomeki. Mashine ikiungua kwa umeme kupanda na kushuka, aliyetumia POP bila kuacha nakala kwenye seva amepoteza yote. Tena Outlook za zamani, hadi ile ya 2002, ziliweka barua zote katika faili moja lenye kikomo cha GB 2, na likizidi liliweza kuharibika. IMAP nayo ina mtego wake: katibu akifuta barua ili kupunguza mzigo kwenye simu yake, hufutika na ofisini pia.

Juu ya hayo, wenye programu hubadili mambo wapendavyo. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google ilikataa programu za zamani zilizoingia kwenye akaunti za watu binafsi kwa jina na neno la siri la kawaida tu. Programu ya Mail ya Windows 10 iliachwa bila msaada mwisho wa mwaka 2024, na watumiaji wakaelekezwa kwenye Outlook mpya. Hiyo ni nyepesi kuanza nayo, lakini barua za akaunti kama Gmail huzipitisha na kuziweka katika seva za Microsoft. Thunderbird ni ya bure na huenda moja kwa moja kwenye seva yako, ila yataka mtu wa kuipanga.

Basi twashauri hivi. Ofisi yenye wasomaji zaidi ya mmoja itumie IMAP. Programu ipangwe kuhifadhi nakala ya barua zote, si za miezi ya karibuni tu, ijapokuwa viambatisho vitakula bando na nafasi ya diski. Kila mwezi nakala iwekwe katika diski ya nje, nayo isilale ofisini. Akaunti iwe kwa jina la chama, ili karani akiondoka asiondoke na barua zetu.

Mambo haya si ya karani kuyaamua peke yake. Yanaipasa kamati, nayo iyaandike katika kumbukumbu za mkutano. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo ni barua hizo.